Kigoda cha Bi Masika Kilichoko Ujerumani

Naona haya kulisimulia hili, maana mpaka leo nikipita Bwera natamani watu wasinione usukani. Mimi ni Musa, dereva wa Kasese, na siku hiyo nilimbeba mama mmoja wa Kijerumani, mtunzaji wa jumba la kifalme katika mji wao mdogo (mji ambao, alisema, unauzunguka kwa miguu kabla chai haijapoa), ambako mwana wa mfalme mmoja wa zamani alijaza chumba kizima vitu vya watu wa mbali, na sasa wanawatafuta wenye vitu hivyo wawarudishie.

Tulipopita Kinyamaseke akanionyesha picha ya kigoda cha miguu mitatu, akauliza kilikuwa cha nini. Sikujua. Lakini tangu asubuhi alikuwa akiniita mtaalamu, nami mtu wa kuitwa dereva miaka yote nikaona utamu, nikamjibu kwamba hicho ni kiti cha enzi, cha mfalme kabisa (na mguu uliofungwa waya niliuona, nikajifanya sikuuona). Akaandika.

Bwera watu walijaa uani kwa Bi Masika, kikongwe ambaye ukoo wake umetajwa kwenye kibandiko cha kigoda kile huko jumbani. Mkalimani ni mimi. Bi Masika akaishika picha, akaisogeza karibu na macho.

"Hii kiti iko ya mama ya baba yangu," akasema. "Muguu moja ilivunjika, baba akaifunga na waya."

Mgeni akaniuliza anasemaje, akaongeza kwamba kama ni cha nyumbani atakirudisha mwaka huu huu, ila kama ni cha mfalme itabidi serikali mbili zikae kwanza, na hapo ni miaka. Kusema ukweli kungekuwa kuuzika utaalamu wangu, basi nikamwambia kwa Kiingereza kwamba mama anakubali, ni cha mfalme.

Nyuma akasimama mke wa askari mmoja, Kiingereza anakijua kunishinda.

"Wewe dereva, wacha uongo. Mama amesema kiti ni ya kwao. Sema tena, sasa hivi."

Nikasema tena mbele ya wote, nikakiri na uongo ule wa njiani. Mgeni akayakata maandishi yake polepole bila kunitazama, akasema kwa kuwa maneno sasa ni mawili, wakubwa wake watataka ushahidi zaidi. Bi Masika hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza.

Kigoda hakijafika, na Bi Masika anazidi kudhoofika. Kila nikipita ananisimamisha.

"Musa, kiti itakuja lini?"

Nami namjibu lile neno ambalo pale Kinyamaseke lingetosha.

"Sijui, mama."