Jicho ama Sikio

Mama husema nilizaliwa juu ya siafu. Nafanya kazi katika duka la vipuri vya magari hapa Isiolo mjini, na siku sita za wiki nasimama nyuma ya kaunta nikitazama malori yakielekea kaskazini huku nyayo zikiniwasha. Jumapili ikifika, kabla Mama hajamaliza kuuliza kama nimekula, pikipiki ya marehemu baba imeshanguruma. Majirani wameshazoea. Zamani walikuwa wakiuliza mwanamke mzima anatafuta nini huko porini; siku hizi hunipungia mkono tu.

Nimefika Ngaremara mara nyingi kiasi kwamba wanawake wanaouza makaa kando ya barabara hunisogezea kigogo cha kukalia. Nimefika Kipsing, na siku moja wachungaji wakanigeuza njiani kwa sababu watu walikuwa wanagombania kisima huko mbele. Niligeuza nikiwa nimenuna. Ubaya wangu ni kwamba nikifika mahali, natamani niwe nimeshaondoka. Nakunywa chai haraka, naangalia msikiti, duka moja, mbuzi waliolala chini ya lori bovu, halafu macho yanaanza kutafuta njia inayotoka upande wa pili.

Safari niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Garbatulla, kwa shangazi yangu, dada ya baba. Katika ukoo wetu ndiye pekee aliyebaki na mifugo, yeye na mwanawe mkubwa anayechunga. Sisi wengine tuliingia mjini tukabaki na hadithi. Barabara ile ni mbaya, inatikisa hadi meno, lakini nilijua mwisho wake kuna mtu anayenisubiri aniulize habari.

Kwa watu wa mifugo, habari si salamu tu. Mgeni akishapewa maji ya kunywa, anatulizwa kivulini, kisha anaulizwa taratibu: mvua imenyesha wapi, nyasi iko namna gani, kisima gani kina watu, njia ina amani au haina. Na kila akitaja jambo, anaulizwa swali moja. Shangazi aliniuliza tangu siku ya kwanza.

"Ni jicho ama ni sikio?"

Maana yake, umeona mwenyewe au umesikia kwa watu. Kuna watu wanaoheshimiwa sana huko kwa sababu tu hawajawahi kuchanganya hayo mawili. Mimi nililipenda swali hilo. Dukani hakuna anayeniuliza ninachojua zaidi ya bei ya pedi za breki. Kwa shangazi nilikuwa mtu wa habari, na ilinipanda kichwani, nakiri.

Jumapili moja ya kiangazi niliona upande wa kulia wa barabara, ng'ambo ya laga, ule mto wa msimu uliokauka, mawingu meusi na mvua ikining'inia chini yake. Nilisimama labda dakika mbili. Upepo ulileta harufu ya udongo uliolowa, au nilijiambia umeleta. Laga ilikuwa na mchanga mwingi, pikipiki ingezama, na mimi nilikuwa na haraka ya kufika ili niwe na haraka ya kurudi.

"Salaam aleikum, shangazi."

"Aleikum salaam. Nagaa?"

"Nagaa, ni amani tu. Ng'ambo ya laga mvua imenyesha."

Aliweka kikombe chini. "Ni jicho ama ni sikio?"

"Jicho," nikasema.

Sikufikiri. Neno lilitoka lenyewe, kwa utamu wa kuulizwa. Nikanywa chai yangu ya maziwa ya ngamia, nikamsimulia na ya Kipsing, nikaondoka.

Siku chache baadaye binamu yangu alinipigia simu. Hakupandisha sauti. Alisema alivusha mbuzi laga, akatembea nao siku mbili, akakuta vumbi. Mvua ile ilikuwa imeishia hewani. Wakati wa kurudi, mbuzi waliokuwa wamezaa karibuni hawakuweza, wakafia njiani. Wangapi, hakuniambia, na kwetu mwenye mifugo haulizwi idadi. Lakini Jumapili iliyofuata nilipoingia kwa shangazi, kile kizizi kidogo cha vitoto vya mbuzi, kilichokuwa kikinipigia kelele kila nikifika, kilikuwa kimya.

Nilimwomba msamaha hata kabla ya kukaa. Alisema, "Ni kazi ya Mungu. Kunywa maji." Akanipa na chai. Akaniuliza afya ya Mama. Kisha akaendelea kusuka mkeka wake. Hakuniuliza njia. Hakuniuliza mvua. Niliona aibu kuliko kama angenichapa.

Nilirudi mara tatu, na mara zote hakuuliza. Mara ya pili nilijaribu kumwonyesha picha za mawingu. "Hiyo simu yako haiwezi kunusa," akasema, akanirudishia. Nilikasirika, kwanza na yeye, halafu barabarani nikakasirika na mimi, kilomita baada ya kilomita.

Msimu ulipobadilika, niliondoka alfajiri. Penye laga nilizima pikipiki nikaiacha, nikavuka kwa miguu. Nilitembea hadi jua likawa utosini. Viatu vilishika tope, nami nikalifurahia hilo tope kama mtu aliyepewa zawadi. Nikachimba kwa mkono: ulowevu ulifika kwenye kifundo cha mkono. Nikang'oa nyasi, nikachota udongo, nikafunga vyote katika ncha ya mtandio.

Kwa shangazi nilifungua mtandio juu ya mkeka, nikausogeza mbele yake. Alichukua udongo, akanusa. Akatafuna jani.

"Ya wapi hii?"

"Ng'ambo ya laga."

"Nyasi iko aje?"

"Fupi. Mbuzi hawezi kuishika bado."

Binamu yangu alikuwa amesimama kando, fimbo begani, akisikiliza. Shangazi akaelekeza kidevu kusini.

"Na kule mbele, kwa ule mlima?"

Nilikuwa nimeuona mlima ule kwa mbali, na chini yake rangi ya kijani, au kivuli. Alinitazama. Nilitamani kujibu, ulimi ulikuwa tayari.

"Sijafika, shangazi," nikasema. "Sijui."

Alimgeukia mwanawe. "Mbuzi itangoja." Kisha akanijazia kikombe mpaka juu.

"Maliza chai," akaniambia, "halafu uende uone."

Niliimaliza nikiwa nimesimama.