Sikukuu ya Punda

Kitabu changu cha kwanza kilikuwa cha hadithi za punda wa Karatu. Kuandika nilijifundisha mwenyewe, kwa kusoma chochote kilichoachwa na wageni kwenye hoteli nilikofanya usafi. Kila nukta ilininyima usingizi, lakini juu ya kitabu chenyewe sikuwa na shaka: kilikuwa kizuri. Kilichokosekana ni wasomaji. Nakala zilijaa chini ya kitanda changu, na kila niliyemgusia alinijibu, "Nitakisoma," kwa sauti ile ya kumwambia mgonjwa kwamba atapona.

Wazo nililipata kwenye kalenda iliyosahauliwa chumbani na mgeni. Kwa wenzetu kila kitu kilikuwa na siku yake, hata soksi. Nikajiambia, na punda wetu apate yake, siku ya mnada, watu wanapojaa.

Tangazo nililiandika na kulirudia mpaka kidole kikaota sugu. "Siku ya Punda" niliiona nyepesi, kama siku ya kufua. Nikaiongezea heshima: "SIKUKUU YA PUNDA. Njooni nyote." Nikabandika kwenye mashine za kusaga, mpaka Endabash.

Asubuhi ya mnada nilipanga vitabu mezani, kingo zikiwa sawasawa. Watu walikuja wengi kuliko nilivyoota, ila hakuna aliyegusa kitabu. Walikuwa wakichungulia nyuma yangu. Mama mmoja akanisogelea, mikono kiunoni.

"Binti, mmemfunga wapi?"

"Nani, mama?"

"Huyo punda wa kuchinja! Sikukuu bila kuchinja ni sikukuu gani? Mimi wangu nimemfungia ndani."

"Punda alimbeba Bwana," mzee mmoja akadakia. "Nyama yake utaimezaje, mwanangu?"

"Mwacheni," akasema muuza mitumba wa jirani. "Labda wazungu wa hotelini wameagiza mishikaki."

Mkono wangu ulishaitafuta kalamu, nikalifute lile "kuu". Nikauzuia. Neno lilikuwa limewaleta. Kuwabakiza ilikuwa kazi ya kitabu. Nikapanda juu ya benchi, nikaanza kusoma kisa cha mlevi aliyeokoka, punda wake akakataa kuokoka: kila jioni, mzigo mgongoni, anasimama palepale mlangoni pa kilabu cha pombe, na bwana wake anamvuta kamba huku waumini wenzake wakipita.

Yule mama alikuwa wa kwanza kucheka. "Huyo ni wa shemeji yangu! Wallahi namjua!"

"Ehe, mchungaji alipopita je?" akauliza mzee.

Nikafunga kitabu. "Mchungaji yumo humu ndani, baba. Mezani hapo."

Hadi jua linakuwa kali, meza ilikuwa tupu. Mama akaweka nakala yake kwenye kapu, juu ya vitunguu.

"Naenda kumfungulia wangu, nimwambie amesamehewa," akasema. "Ila kingine andika cha mbuzi, binti. Hapo ukitangaza sikukuu, tutakuja na sufuria."

Jioni ileile nilianza cha mbuzi.