Mtani Hashtakiwi

Kuna watu watano hapa Masasi ambao wakipita mbele ya duka ninalofanyia kazi, watoto huwaita mabingwa. Hawajawahi kuwa mabingwa wa chochote. Walikwenda kwenye mashindano ya dunia ya gemu la kivita, wakatolewa mapema, wakarudi na jaketi nyeusi zenye zipu ya dhahabu. Mimi ndiye niliyewafikisha huko. Atakayeona najisifu na aone, nimechoka kuwa mnyenyekevu.

Kwa wasiolijua, gemu lenyewe linachezwa kwa simu, watano kwa watano. Timu moja inalinda jengo, nyingine inalivamia, na kila mchezaji ana kazi yake. Mimi nilikuwa mdunguaji, yule anayekaa mbali na kupiga risasi moja inayotosha. Nililijulia dukani. Tunauza pembejeo, salfa na mabomba ya kupulizia mikorosho, na msimu wa kupulizia ukishapita duka hugeuka chumba cha kuhesabia nzi. Wanawake wenzangu wa makamo yangu walisuka ukili au walisengenya. Mimi niliweka hedifoni masikioni nikajifunza kusikiliza nyayo, kwa sababu katika gemu hili adui husikika kabla ya kuonekana, na mwenye subira humpata hata akiwa nyuma ya ukuta wa mbao.

Timu yetu ilikutana sebuleni kwa nahodha, mwalimu wa hesabu, mtu mpole ambaye mkewe alituletea ming'oko, vile viazi vya porini, na chai bila kuuliza sisi watu wazima tunafanya nini na simu mchana kutwa. Walikuwemo ndugu wawili Wamakua, wauza nguo sokoni, wasiosema sana. Alikuwepo kijana wa akiba. Na alikuwepo mtani wangu.

Huyo ndiye niliyekuwa namwandikia haya yote kichwani kwa muda mrefu. Yeye ni Myao wa hapahapa Masasi, fundi simu, hodari wa Kiingereza kwa sababu aliwahi kufanya kazi na wageni wa mradi fulani wa visima. Mimi ni Mmakonde wa Newala, kwetu ni kijiji cha Mnyambe. Babu zetu walitaniana, na sisi tukarithi. Akinikuta nakula aliuliza panya wangu nimemficha wapi, maana Wamakonde tunasifika kwa kula panya. Nami nilimwambia kwamba Myao hata akifa mdomo hufuata siku tatu baadaye. Aliweza kuchukua soda yangu mezani akainywa mbele yangu, nami niliweza kumvua kofia nikaondoka nayo, na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kununa. Utani una sheria chache lakini ni ngumu. Mtani hakasirikiwi. Na akikusingizia jambo, hulikani. Unalikubali, unaliongezea chumvi na kumrudishia. Anayekana ameshindwa, na wote waliopo watamcheka.

Nafasi ya kwenda kwenye mashindano ya dunia ilikuwa moja kwa ukanda wetu wote, na tuliifikia. Siku ya fainali ya mchujo tulikaa sebuleni kwa nahodha, kila mmoja ana kamera nyuma yake kama wasimamizi walivyotaka, na sauti zetu zote zikirekodiwa. Nilikuwa nimewaza mashindano yale hadi nimekonda. Sikuwahi kutoka mkoani zaidi ya mara moja, kumpeleka mama hospitali. Nilijiona nimekaa katika ule ukumbi mkubwa ninaouona kwenye simu, taa zinamulika, na mtangazaji anasema mdunguaji huyu ametokea Masasi. Sitaki kudanganya kwamba nilifikiria nchi au vijana wa kesho. Nilitaka mimi, nionekane mimi.

Katika duru ya mwisho nilibaki peke yangu na adui mmoja. Nilimsikia akitembea upande wa pili wa ukuta wa mbao, nyayo mbili, kisha kimya. Nilipiga kwenye ule ukuta pale ambapo unyayo wa tatu ungekanyaga, akaanguka. Tulishinda. Na kabla sijavuta pumzi, mtani wangu alipaza sauti kwenye maiki: "Mwizi huyu Mmakonde! Anaona kupitia ukuta! Ana kitu ameweka kwenye simu yake, mimi fundi namjua!"

Nami nikajibu kama nilivyolelewa. Nikasema: "Nimeweka ndiyo, na wewe nitakuwekea cha kukufunga mdomo." Sebule yote ikacheka. Mke wa nahodha alitoka jikoni akapiga vigelegele, tukala kuku.

Siku chache baadaye wasimamizi wakaandika kwamba wamepokea malalamiko ya timu tuliyoishinda, kwamba wametafsiri mazungumzo yetu, na kwamba mchezaji mmoja amekiri kutumia programu haramu inayoonyesha watu nyuma ya kuta. Sijui aliyetafsiri alikuwa mtu au mashine. Maneno aliyatafsiri sawasawa, hilo siwezi kumlaumu. Lakini maneno yetu bila utani ni sawa na mtu kuchukua mifupa ya samaki akasema ndiye samaki.

Tukahojiwa kwa video, mmojammoja, katika chumba cha kulala cha nahodha. Nilianza mimi. Kwa Kiingereza changu cha kuunga-unga nilieleza utani mpaka jasho likanitoka: kwamba huyu ni mtani wangu, kwamba kwetu mtu akikuita mwizi kwa utani unasema ndiyo. Yule mama aliyenihoji alikuwa na uso wa upole. Aliandika, akaitikia kwa kichwa, akasema basi aliyeyasema maneno ya kwanza atathibitisha. Nilitoka nimepoa. Nikajua yamekwisha.

Akaingia mtani. Sisi tuliobaki sebuleni tulisikia kicheko chake mlangoni, halafu sauti ikashuka, hatukusikia zaidi. Alipotoka nilimwuliza amewaambia nini. Akasema amewaambia kwamba mimi ni mchawi, usiku napaa na ungo hadi Newala na kurudi. Wote wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote.

Uamuzi ulikuja kwa barua pepe, nahodha akauchapisha, akatusomea amesimama. Mimi nimefungiwa. Timu inabaki na nafasi yake, mchezaji wa akiba achukue kiti changu. Sababu ni kwamba maelezo yangu hayakuthibitishwa na shahidi.

Sikulia pale. Niliwaangalia mmoja baada ya mwingine, nikisubiri atakayesema kama yeye haendi basi na sisi hatuendi. Nahodha alikunja karatasi yake. Akasema kwa ile sauti yake ya darasani kwamba ni bahati mbaya, kwamba haifai wote tupotee kwa sababu ya mmoja, na kwamba mtani ni mtani, mdomo wake tunaujua, hakasirikiwi. Wale ndugu wawili wakaitikia: hakasirikiwi. Nilichukua hedifoni zangu nikaondoka, na hakuna aliyenisindikiza hata hadi barabarani.

Rufaa ilihitaji kauli yake tu. Nilimfuata kibandani kwake nikamwomba aandike mistari miwili, kwamba ilikuwa utani. Akasema ataandika nikimletea panya watano wa kuchoma. Nikamfuata tena. Akasema anaogopa nitamgeuza fisi. Wateja wake walicheka, na mimi nilisimama pale na machozi yananilenga, kwa sababu huwezi kumpiga mtu anayekutania na huwezi kumlilia. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha. Hawakusema usaha ukishatumbuka unaupeleka kwa nani.

Nilipanda Newala kwa mjomba wangu. Kwetu jambo likikushinda unampelekea mjomba, si baba. Nilimkuta Mnyambe anaanika korosho zake. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akaniachia kiti chake, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, ingawa nina hakika hakuelewa watu wanasafiri vipi kwenda kucheza na simu. Kisha akatabasamu.

"Ntani hashtakiwi, mwipwa wangu," alisema kwa lafudhi ile ya kwetu. "Ukimshtaki ntani, kesho atakuzika nani?"

Ndivyo ilivyo. Kazi za msiba ni za watani. Nilirudi Masasi siku ileile, nina hasira na mjomba, na mila, na gari lenyewe lililokuwa likishuka kwenye kona kana kwamba halina haraka ya kufika popote.

Wakaenda. Mji mzima ulijua, maana nahodha alihojiwa redioni akaishukuru familia yake na wanafunzi wake. Nilitazama mechi yao dukani, kwa simu, mlango nimeurudisha nusu. Ukumbi ulikuwa vilevile kama nilivyouwaza, hata taa. Kijana wa akiba alikaa kwenye kiti changu. Alikuwa anapiga anapoona. Hakuwa na masikio. Nilimwona adui akimjia nyuma ya kontena, nikamwambia kwa sauti, peke yangu dukani, mgeukie. Hakugeuka. Walipotolewa nilifurahi. Nimeambiwa nisiyaandike hayo, lakini nilifurahi, nikafungua mlango nikauza salfa kwa bashasha.

Waliporudi walipokewa kwa ngoma. Mimi nilibaki kuwa yule dada aliyeiba kwenye gemu. Mteja mmoja aliwahi kuniomba, kwa siri na kwa heshima kubwa, nimwekee na yeye hiyo programu.

Kisha mama yake mtani akafariki.

Lazima nieleze nilichopaswa kufanya. Baba yangu alipofariki, mtani wangu huyu alilala kifudifudi njiani mbele ya jeneza, akasema huyu mzee hapiti, ana soda zangu hajanilipa. Tulicheka tukiwa tunalia, na nakumbuka nilivyompenda siku ile. Sasa zamu ilikuwa yangu. Ningeingia jikoni nikamwaga chumvi kwenye mboga, ningevaa kanga ya marehemu na kuigiza anavyotembea, ningezuia watu njiani mpaka nipewe kitu. Msiba bila mtani ni msiba uliosuswa.

Nilikwenda. Nilivaa vizuri, nikatoa pole kwa adabu, nikakaa mkekani na wanawake wengine, nikanyamaza. Nilikaa hivyo tangu asubuhi hadi wanaume walipotoka na jeneza kuelekea makaburini. Shangazi zake walinitazama, wakaanza kunong'onezana. Mmoja aliniletea kanga ya marehemu akaniwekea mapajani, akasubiri. Niliikunja vizuri nikamrudishia, nikasema pole sana, shangazi. Mtani mwenyewe alipita karibu na mkeka akitazama chini, na nilijua ameona. Ilikuwa njia pekee niliyobaki nayo ya kukasirika, na niliitumia juu ya maiti ya mwanamke ambaye hakunikosea kitu.

Baada ya arobaini mtani akaja dukani. Hakukuwa na mteja. Nilidhani amekuja kunilaumu, na nilikuwa na majibu yangu tayari, makali, ya kumtosha yeye na ukoo wake. Hakunyang'anya kitu mezani. Alisimama upande wa pili wa kaunta, mikono mfukoni.

"Dada," alisema.

Tangu tujuane hakuwahi kuniita dada. Mtani haitwi dada.

"Yule mama wa kwenye video aliniuliza kama ulikuwa utani. Aliniuliza mara mbili. Akanieleza kwamba nikisema ndiyo malalamiko yatabaki wazi, watasimamisha nafasi yetu, wapitie mechi zetu zote upya, na muda wa safari ungeweza kupita. Nikamwambia hapana, haukuwa utani. Nikasema simu yako niliifungua mwenyewe kwa mkono wangu nikaiona hiyo programu."

Nilisubiri acheke. Nilimtazama mdomo, kwa sababu ndipo kicheko chake huanzia, upande wa kushoto. Haukutikisika. Nikamwuliza nani mwingine alikuwa anajua.

"Wote," alisema. "Nahodha alikuwa ameshaandikiwa hivyohivyo na wasimamizi. Tulikubaliana kabla hatujaanza kuhojiwa, wewe ulipotoka kwenda kununua vocha."