Siku Tuliyokaa Juu ya Paa

Nakumbuka siku niliyopanda juu ya paa la mama mkwe wangu, mtoto mgongoni, nikakataa kushuka. Unacheka, Elia, mwanangu? Ndiyo, bibi yako huyu huyu wa magoti mabovu! Kaa unywe uji, pikipiki yako haitakimbia. Umeniamkia, nimeitika, halafu ukaniambia kesho wewe bwana afya unakwenda na mgambo sokoni Issuna kuvunja vibanda vya mama ntilie na kumwaga vyakula vyao, kisa kipindupindu. Tena umeniambia unatabasamu. Sasa nisikilize.

Enzi za Mwingereza tauni iliingia huku kwetu Sepuka. Haikuwa hadithi, tulizika watu. Panya ndio walioileta, na panya walijaa kwenye tembe zetu. Paa bapa la udongo, ndani giza, vilindo, yale mapipa ya magome ya kuwekea mtama na uwele, vimejipanga ukutani. Panya hao wangehama waende wapi? Hilo silikatai. Sheria ikasema nyumba yenye panya wafu ichomwe moto. Wenyewe walale wapi, wale nini, sheria haikusema.

Kwetu walikuja asubuhi, bwana afya wa serikali na askari wake, na debe la mafuta ya taa. Mume wangu alikuwa mbali, kibarua wa manamba kwenye mashamba ya mkonge. Mama mkwe akawakaribisha vizuri, akaleta kigoda, akaomba atoe nafaka kwanza. Bwana afya akakataa, eti nafaka nayo ina viroboto wa panya, wale wanaobeba tauni. Chakula cha mwaka mzima, mwanangu! Mama mkwe hakulia. Alizunguka nyuma, pale ukuta ulipokuwa mfupi, akaparamia, akaketi katikati ya paa na kunyoosha miguu.

"Haya, washa," akasema.

Na mimi? Askari nilimwogopa, lakini nikwambie ukweli, mama mkwe nilimwogopa zaidi. Nikapanda. Majirani nao wakapanda, mwanamke mmoja mmoja, mpaka nikaanza kuwaza paa lisije likatuporomosha wote.

"Mnataka kufa kwa tauni?" bwana afya akafoka.

"Hatutaki kufa kwa tauni, wala kwa njaa," mama mkwe akamjibu. "Tuambie ugonjwa huu unakufaje, tuufanyie kazi leo hii. Lakini nyumba yangu huichomi."

Yule bwana akaliweka debe lake chini. Mwisho akasema viroboto hawapendi jua. Tuezue paa, tutoe nafaka, tuianike, tulale mbali na nyumba mpaka atakaporudi kukagua. Basi! Tulianza kukwangua udongo pale pale tulipokaa. Ngozi za ng'ombe zikatandazwa uwanja mzima, mtama ukamwagwa juani, panya wakakimbia tukiwafukuza kwa mipini ya majembe. Hata askari alivua kofia akatusaidia kushusha miti.

Nyumbani kwetu hakufa mtu. Kijiji cha pili walichoma. Unajua kilichofuata? Watu wakaanza kuficha wagonjwa, wakazika maiti kimyakimya wasije wakachomewa nyumba, na tauni ikakaa kwao muda mrefu. Ukimtia mtu hofu, atakuficha hata anayekufa.

Kwa hiyo nakwambia, na usininung'unikie: kipindupindu kinaua, nenda ukapambane nacho. Mwenye uchafu mwambie mbele ya wenzake, mfungie kibanda mpaka asafishe. Wafundishe wachemshe maji, wanawe kwa sabuni, wachimbe choo. Lakini uliza kwanza, sikiliza, ndipo uamue. Usimwage sufuria ya mtu kwa kuwa tu karatasi ya serikali imekuruhusu. Karatasi za namna hiyo nilishaziona kabla baba yako hajaota meno. Na yule mtoto niliyepanda naye paani ndiye baba yako. Mtama ule ungeungua, leo wewe usingekuwa na sare ya kuvaa wala mwili wa kuivalia.

Ukienda na rungu kesho, utanikuta Issuna. Kupanda juu ya kibanda siwezi tena, ila kukaa kwenye benchi mbele ya sufuria naweza, na sitainuka ng'o.

Ukienda na sabuni, Mungu akutangulie, mwanangu. Mikono yako iponye watu, na kila mlango utakaobisha ufunguliwe bila woga. Haya, malizia uji.