Nilimchagulia Mama Maneno ya Kubaki Nayo

Admin, jina langu liweke pembeni, hapa mtaani kwetu Chanji tunajuana. Mimi ni dada wa miaka 36, fundi cherehani, naishi na mama yangu mzazi. Baba, mtu wa Mbeya, alishafariki.

Mama alianza kupoteza maneno kidogo kidogo. Anataka mwiko, anasema "kile, kile cha ugali." Majirani wakasema karogwa, nikawauliza ni mchawi gani huyo anayeiba jina la mwiko. Tulipofika hospitali moja kubwa Dar, daktari akatuambia ni ugonjwa wa ubongo unaokula lugha, hauna dawa ya kuuponya. Ila kuna tiba wanaijaribu: umeme mdogo unapitishwa kichwani kwa nje, bila kupasua, huku mgonjwa akifanyishwa mazoezi ya kutaja vitu. Maneno ya mazoezi huenda yakakaa zaidi. Akaniuliza mama anatumia lugha gani nyumbani.

Nikajibu Kiswahili, bila hata kumtazama mama.

Ndugu zangu, mama ni Mfipa wa kijijini. Kiswahili kilikuwa cha baba, cha wateja wa sokoni na changu. Kwa Kifipa ndiyo alikuwa anasali, anacheka, anagombana na mdogo wake. Mimi nakisikia kwa shida, kuongea siwezi. Nilitaka abaki akiongea na mimi. Ni ubinafsi, najua.

Tiba ikasaidia. Akawa anataja kikombe, kijiko, mwiko. Nililia kwa furaha.

Mwezi uliopita mama mdogo akaja kutoka kijijini. Akachuchumaa mlangoni, akapiga makofi taratibu kumsalimu dada yake kama ilivyo desturi yetu. Mama naye akapiga makofi, anatabasamu. Kifipa hakikutoka. Akatafuta weee, mwisho akamshika mdogo wake mkono akamwambia, "Kikombe. Kijiko. Mwiko."

Mama mdogo akanigeukia. "Mwanangu, dada yangu mmempeleka wapi?"

Daktari anasema huenda Kifipa kingepotea tu. Labda. Lakini nilipewa nafasi ya kuchagua, nikajichagua mimi.

Sasa tumeitwa awamu ya pili. Mama anachoka haraka, kwa hiyo lugha ni moja tu. Nikisema Kifipa, mama mdogo ndiye atakayekaa naye kwenye mazoezi, na mimi na mama huenda tukabaki kutazamana. Mwenyewe hawezi tena kuniambia anataka ipi.

Nishaurini jamani, nibaki naye, au nimrudishe kwa mdogo wake?