Fungate ya Kriketi Ng'ambo ya Ruvuma

Mume wangu alikuwa ameniahidi fungate Zanzibar. Tulifunga ndoa miaka ile ambayo Mtwara nzima ilikuwa inazungumzia gesi. Yeye fundi wa majokofu, mimi mwalimu wa shule ya msingi, na akiba yetu yote iliishia kwenye pilau la wageni. Siku chache kabla ya harusi akapigiwa simu kutoka Dar es Salaam. Timu yake ya zamani ya kriketi, aliyoichezea kabla hajahamia kusini, ilikuwa imealikwa Msumbiji kucheza na wafanyakazi wa gesi. Mechi ya kwanza Palma, ya pili Pemba ya hukohuko Msumbiji. Wachezaji wangepanda ndege. Washabiki wajitegemee.

"Palma nako kuna bahari," akaniambia, huku anakaza skrubu ambayo haikuwa imelegea.

"Na Zanzibar je?"

"Zanzibar si nchi ya nje."

Nilicheka, naye akachukulia kwamba nimekubali. Sikuwa nimewahi kuvuka mpaka wowote, wala kuona hata mechi moja ya kriketi. Mama alipotukuta tunasokomeza nguo kwenye mashanta ya mgongoni, aliingia ndani akarudi na khanga mbili na mkate wa kumimina. "Ukichoka, rudi," akaniambia, kana kwamba naondoka peke yangu.

Kivuko cha Ruvuma kilikuwa kimekwama kwenye mchanga, kwa hiyo tulivuka kwa mtumbwi wa mashine, tukiwa tumepakata mashanta yetu, mwenye mtumbwi akituonyesha viboko kama mtu anayetambulisha majirani. Upande wa pili, ofisa wa uhamiaji akauliza safari yetu ni ya nini. Mume wangu akasema kriketi. Ofisa hakuijua. Basi bwana harusi akachukua mwavuli wangu, akasimama katikati ya ofisi na kuanza kupiga mipira isiyokuwepo. Ofisa akamwita mwenzake kwa Kireno aje aone. Tulipigiwa mihuri na watu waliokuwa wanajifuta machozi ya kicheko.

Kutoka pale tulipanda gari la wazi, tumekalia magunia ya vitunguu, tukapita kijiji cha Quionga na minazi yake, tukaingia Palma jioni tumekuwa wekundu kwa vumbi. Hapo ndipo tulipogundua kosa letu. Kila nyumba ya wageni ilikuwa na mtu wa gesi. Mahali pamoja tulipopata chumba tulitajiwa bei, tukashukuru kwa adabu, tukatoka.

Tulikuwa tumesimama nje ya duka la mikate, kila mmoja akijifanya hana wasiwasi, mama mmoja muuza samaki wa kukaanga akatuita. Kiswahili chake kilifanana na cha bibi zangu wa Lindi.

"Nyie wa wapi?"

"Mtwara, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Na mashanta hayo mmekuja kutafuta kazi ya gesi?"

"Tumekuja kutazama mpira," mume wangu akasema.

"Mpira kutoka Mtwara!" Akafunika sinia lake. "Basi njooni mlale, mpira mtautazama kesho."

Nyumbani kwake kulikuwa na mume, mvuvi mpole asiye na maneno mengi, na mabinti wawili wakubwa. Vyumba vilikuwa viwili. Akapanga bila kusita: mimi nilale na mabinti, bwana wangu alale barazani na mwenye nyumba. Ndipo akauliza ndoa yetu ina muda gani. Nikamwambia hii ni siku ya nne. Mama yule alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. "Maskini bwana harusi!" akasema, na mabinti wakaficha nyuso kwenye capulana zao, vitenge vya huko. Mpangilio lakini haukubadilika.

Baada ya chakula wanaume walikaa barazani wakizungumzia meli zinazotoboa bahari. Mwenye nyumba alisema wengine wanaahidi ajira, wengine wanasema kuna vijiji vitahamishwa, na yeye bado anangoja kuona nani mkweli. Mume wangu akamweleza kwamba kwetu Mtwara maneno ni hayo hayo.

Asubuhi mama hakwenda kuuza samaki. Alisema hawezi kukosa mchezo uliomtoa mwali nyumbani kwake. Tulikwenda uwanja wa mpira wa miguu sote, tukatandika mkeka kwenye kivuli cha ukuta. Katikati ya uwanja walikuwa wametandaza zulia la makumbi na kuchomeka vijiti vitatu kila upande. Nilimwonyesha mama nahodha wetu, mwanamume mnene mwenye kofia nyeupe.

"Nahodha wa chombo gani?" akauliza.

"Wa timu, mama. Hana chombo."

"Nahodha hana chombo," akawaambia mabinti, nao wakaliweka hilo moyoni.

Timu ya gesi ilikuwa na Wahindi, Wapakistani, makaburu na Waingereza wawili waliokwisha kuungua jua. Kabla ya kuanza kukatokea mashauriano. Mwamuzi wao mmoja alikuwa ameitwa kazini alfajiri, na mchezo unahitaji wawili. Nahodha wetu akamwona mume wangu, akampungia mkono kwa furaha. "Huyu anajua sheria zote!" Watu wa gesi wakamuuliza kama ni mtu wa timu ya wageni. Akajibu kwamba aliwahi kuwa, na kwamba kama wana shaka atakaa mkekani na mke wake. Wakatazamana, wakampa koti jeupe lililomfika magotini.

Watu wa gesi walipiga kwanza, wakapata mbio, yaani pointi, nyingi kiasi. Zamu yetu ilipofika, wapigaji wetu watatu walitolewa haraka, tegemeo likabaki nahodha. Sikuwa nimejua mtu mnene anaweza kupendeza vile akiwa na gongo la kupigia mpira mkononi. Mipira ilipita juu ya paa la nyumba ya jirani. Mabinti walikwisha kujifunza kupiga vigelegele kwa wakati, na mama alikuwa anamtetea nahodha kwa majirani kama ndugu yake. Ilibaki kidogo tu tushinde.

Ndipo Mhindi mmoja mfupi, ambaye tuliambiwa ni mchomeleaji wa vyuma, akarusha mpira uliompiga nahodha mguuni. Mrushaji akamgeukia mume wangu na mikono juu, anapiga kelele. Mume wangu alibana midomo, vile anavyofanya anaposikiliza mashine ya jokofu, kisha akainua kidole kimoja polepole.

"Anaonyesha nini juu?" mama akauliza.

"Amemtoa. Alinifundisha njiani: mguu ukizuia mpira unaokwenda kwenye vijiti, mpigaji anatoka."

"Amemtoa nani? Mtu wenu?"

"Mtu wetu."

"Makubwa haya!" akasema, na akashika kichwa.

Nahodha akaweka gongo kwapani, akaondoka. Alipompita mume wangu alisema neno. Haukupita muda tukafungwa.

Timu iliingia kwenye gari lake bila kutuaga. Tulirudi kwa miguu, mama na mabinti wametangulia ili watupe nafasi.

"Alikuambia nini?" nikauliza.

"Aliniambia, wewe umekula kwangu."

"Ni kweli?"

"Miaka miwili. Na gongo ni yeye aliyenifundisha kulishika."

"Na mpira?"

"Ulikuwa unaingia kwenye vijiti."

Ndoa yetu ilipangwa na shangazi zetu. Nilijua anapenda chai ya tangawizi na kwamba hachelewi kazini, basi. Nilimshika mkono njia nzima, jambo ambalo Palma hawalifanyi, na kwetu pia hatulifanyi.

Magharibi ilikuwa imeshapita tuliposikia hodi. Nahodha. Mama akamkaribisha mkekani, akampakulia pweza wa nazi na wali, naye akala bila kugusa habari ya mechi. Alipomaliza akakunja suruali, akatuonyesha mguu. Palikuwa pamevimba, pana rangi ya zambarau.

Mama akasogeza taa. "Hapo ni mbele ya vijiti kabisa," akasema.

Nahodha alicheka mpaka mwenye nyumba naye akacheka. "Najua, mama. Nilijua palepale. Nilikuwa naomba tu huyu asione." Kisha akamgeukia mume wangu. "Wale jamaa wa gesi wanataka mwamuzi wa Pemba uwe wewe, la sivyo hawachezi. Gari lina nafasi mbili."

Mume wangu akanitazama. "Muulize bi harusi."

Bi harusi aliomba kiti cha dirishani, akapewa. Asubuhi mama alitusindikiza mpaka garini, akaniita mwanangu, akamwambia nahodha atafute chombo. Hatukuwa tumefika mbali kabla nahodha na mume wangu hawajaanza kubishana kuhusu mpira uleule, mmoja akisema ulikuwa unapanda juu ya vijiti, mwingine akisema haukupanda, na timu nzima ikagawanyika. Mimi nilivua viatu, nikafungua dirisha, nikatazama mikorosho inavyopita.