Bugaluu Haikuwa Zamani

Belo la mitumba likikatwa kamba, harufu hutoka kabla ya nguo: dawa ya nondo, nailoni, na kabati la mtu usiyemjua. Juzi ilinikuta sokoni Musoma. Wasichana wawili waliinua bugaluu, suruali iliyopanuka miguuni, wakajipima kiunoni huku wakicheka. Walisema watapigia picha za zilipendwa, kilichobaki ni blauzi ya kola ndefu tu. Muuzaji akawasifu kwamba wanajua kuvaa. Nami nikashikwa na hasira. Si kwa watoto wale, wao walipendeza. Ngoja niwaambie hasira yenyewe ilianzia wapi.

Nilikuwa darasa la tano, nikiishi Nyasura, pale Bunda, kwa shangazi Nyangeta, dada mkubwa wa baba. Mwalimu wetu wa utamaduni alitangaza kwamba siku ya wazazi kutakuwa na maonyesho ya mavazi ya zamani. Kila mtoto aje amevaa kama walivyovaa wazee wa nyumbani kwao. Ukutani, nyuma ya jukwaa, aliandika kwa chaki nene: Vya kale ni dhahabu. Nilipofikisha habari nyumbani, shangazi aliacha kuchambua dagaa.

"Zamani?" akasema. "Hiyo niachie mimi."

Alizunguka kwenye mitumba asubuhi nzima, akarudi na suruali ya kahawia ya kawaida kabisa na blauzi yenye kola kubwa kama masikio ya mbuzi. Akafumua mishono ya suruali kuanzia magotini kwenda chini, akapachika pembetatu za kitambaa cha pazia lenye maua. Fundi viatu alibandika soli za kandambili kuukuu, moja juu ya nyingine, chini ya viatu vyangu, zikawa raizoni. Shangazi alishona akiimba. Mwanamke yule, ambaye nilimjua kwa khanga mbili na ukali wa kutosha kaya tatu, sasa alikuwa ananitembeza uani na kunirekebisha.

"Tupa mguu, usiburuze. Sisi tulikuwaga tunafagia nayo vumbi, lakini kwa maringo."

Siku ikafika. Wenzangu walikuja na kaniki, vibuyu na mikuki ya miti. Mmoja alijifunga ngozi ya mbuzi aliyechinjwa jana yake, nzi wakawa wanaandamana naye kama ndugu wa damu, na mkononi alikuwa na saa ya plastiki. Mwalimu alimpanga huyo mbele. Nilipopanda jukwaani mimi, bugaluu ikipepea, alinishika bega akanishusha.

"Hii nini? Nimesema zamani. Huu ni uhuni. Nenda kavae yunifomu kabla mgeni rasmi hajafika."

Wazazi wakacheka. Nilitaka ardhi ipasuke. Ndipo shangazi akainuka katikati ya akina mama, akarekebisha khanga yake na kusema bila kupaza sauti:

"Mwalimu, samahani. Ulisema wavae kama wazee wao walivyovaaga. Mimi ndiyo mzee wake. Ngozi hata bibi yangu sikumwonaga nayo. Mimi nilivaaga hii."

"Mama, hiyo si mila yetu."

"Kwani mimi ni wa wapi?"

Wakacheka tena, na safari hii walimcheka yeye. Mpaka leo kicheko kile kinanikera. Yule aliyevaa ngozi ya kukopa kwa mchinjaji alionekana ana asili, na mwanamke aliyekuwa msichana hapahapa Mara, aliyecheza dansi na kununua viatu kwa pamba aliyoilima mwenyewe, akaonekana hana zamani. Nani alimpa mwalimu kazi ya kuchagua? Kumbe vya kale ni dhahabu, ila dhahabu nyingine hutupwa pamoja na kifusi.

Shangazi hakubishana zaidi. Alikuja akanishika mkono, tukatoka getini. Njia ya Nyasura ilikuwa na watu wengi, na raizoni zile zilinikata visigino. Nikamwomba nivue viatu, nikunje na suruali ili isiendelee kunifedhehesha.

"Usivue," akasema. "Usikunje. Tutafika nayo nyumbani hivihivi."

Nililia njia nzima. Nilidhani ananikomoa kwa sababu mwalimu amemwaibisha. Watu walipogeuka kututazama, yeye aliwasalimia mmoja mmoja, taratibu, mkono wake umebana wangu hadi vidole vikauma.

Shangazi alifariki nikiwa nimeshaolewa. Tulimzika kwao Kiabakari, na tukiwa bado matangani baba alinieleza jambo ambalo dada yake hakuwahi kulitamka. Akiwa msichana alijishonea bugaluu ya kwanza kuonekana kijijini kwao. Akaivaa kwenda gulioni. Huko barabarani, vijana waliojipa kazi ya kulinda heshima ya wanawake walimzuia, wakaleta mkasi, wakaikata toka chini hadi mapajani huku watu wakishangilia. Alirudi nyumbani amejisitiri kwa khanga ya mwanamke asiyemjua, vipande vya suruali mkononi. Babu alivitupa motoni na kumwambia amejitakia.

"Hakuvaa tena suruali," baba akasema. "Ila alikuwaga anaikumbuka kama vile aliivaaga miaka."

Nikaona tena mkono wake ukibana wangu njia nzima ya Nyasura, naye akiwatazama watu machoni. Hakuwa ananikomoa. Alitaka, mara moja tu maishani mwake, bugaluu itoke barabarani na kufika nyumbani ikiwa nzima.